Usinitumie wimbo wa dakika tatu

Nimeletewa tena faili la MP3: dakika tatu na sekunde kumi, lina utangulizi, beti, kiitikio na mwisho unaofifia taratibu. Maelezo yake ni mafupi: muziki wa gemu, sehemu ya mapigano. Aliyetunga ni mwanafunzi wa muziki anayeijua kazi yake. Sauti nne zimepangwa vizuri na besi imetulia. Lakini ndani ya gemu hakuna mahali pa kuliweka faili hilo. Nikisema hivyo, jibu huwa lile lile: mbona "Baba Yetu" ni wimbo kamili?

Basi tulimalize hili. "Baba Yetu" ulitungwa na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV, gemu ya 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Nauheshimu sana. Ila unapigwa kwenye menyu. Pale mchezaji hajaanza lolote, hakuna adui, hakuna kinachobadilika, kwa hiyo mtunzi ana nafasi ya kuanza, kupanda na kumaliza atakavyo. Mchezo ukianza, anayeamua muda ni mchezaji. Anaweza kumaliza pambano kwa sekunde tisa. Anaweza pia kujificha nyuma ya ukuta dakika kumi na moja huku anatafuta chaja. Kiitikio chako kilichopangwa kuingia dakika ya kwanza kitamkuta wapi?

Kwa hiyo anza na milango ya kutokea. Kabla ya noti yoyote, jiulize: muziki huu unaweza kukatizwa wapi bila kuumiza sikio, na baada ya hapo unakwenda wapi? Kwa tempo ya 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2. Ukiruhusu kutoka mwisho wa kila kipimo, mchezaji atasubiri sekunde 2 bahati yake ikiwa mbaya kabisa. Ukiruhusu kila baada ya vipimo vinne, anaweza kusubiri sekunde 8, na adui ameshamrukia zamani. Dawa ya kawaida ni pigo fupi la ngoma au upatu linalolia papo hapo juu ya muziki wa zamani, ili sikio lipate habari, kisha muziki mpya uingie kwenye mpaka wa kipimo.

Sasa MP3. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. MP3 hugawa sauti katika fremu, yaani vipande, za sampuli 1,152; sampuli ni chembe moja ya sauti iliyopimwa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 26. Programu inayobana faili huongeza ukimya mwanzoni, na fremu ya mwisho isipojaa, hujaziwa ukimya pia. Ukisikiliza mara moja hutambui. Ukilirudisha faili mwanzo tena na tena, kama gemu inavyofanya, mpiga ngoma wako anajikwaa kila mzunguko, mahali pale pale. Na kuligeuza MP3 liwe WAV hakusaidii chochote, maana ukimya unahama nalo. Nipe WAV ya asili, faili la sauti isiyobanwa, mimi nitaligeuza kuwa Ogg Vorbis, aina nyingine ya faili la kubana, ambayo hutunza urefu hadi sampuli ya mwisho.

Urefu wenyewe uhesabiwe, usikisiwe. Vipimo nane vya mapigo manne kwa tempo ya 120 ni sekunde 16. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni sampuli 768,000 kamili. Naangalia namba hiyo kabla sijasikiliza. Kwa tempo ya 130 inakuja 708,923 na chenji kidogo, kwa hiyo tabaka zote, yaani mafaili ya ngoma, kwaya na kadhalika yanayolia pamoja, zikatwe kwenye namba moja. Moja ikiwa na sampuli moja zaidi, na kila moja ikajizungusha kivyake, baada ya saa nzima zimepishana karibu milisekunde 5. Kwa kwaya hiyo si kitu. Kwa ngoma moja iliyogawanywa kwenye tabaka mbili, sauti inaanza kuwa kama imetoka ndani ya bomba.

Halafu kuna mkia. Kipande kikiisha, upatu bado unalia na ukumbi bado unaitika. Ukikata hapo, kila mzunguko unaanza kwa ukavu wa ghafla. Kwa waimbaji na wapigaji wa kweli, fanya hivi: wape kliki, mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni, waimbe mzunguko mzima mara tatu bila kusimama, na baada ya wa tatu wanyamaze kabisa mpaka mwangwi ufe. Mzunguko wa kwanza ni wa kuingilia, kwa sababu haujabeba mkia wa mtu. Wa pili ndio unaorudi daima: mwanzoni mwake umo mkia wa wa kwanza, na mwishoni wamevuta pumzi ya kuendelea, siyo ya kupumzika. Mkia wa wa tatu ni wa kutokea. Wengi hurekodi mara moja wakanakili, kisha wanashangaa kwa nini pumzi ya alto imekatwa katikati. Headphone ziwe za kufunika sikio. Kliki ikivuja kwenye maikrofoni, tabaka la sauti ndogo litaianika.

Kuhusu tabaka nitasema kwa haraka. Ngoma ya hali tulivu irekodiwe ikipigwa taratibu. Ngoma ya vita iliyopunguzwa sauti bado ni ngoma ya vita, ngozi yake inasikika. Ondoa limita, kizuizi cha sauti kubwa, kwenye miksi kuu kabla ya kuhifadhi kila tabaka kama faili, kwa maana limita hubana jumla. Ukizipitisha humo tabaka moja moja, zikikutana tena hazitoi jumla ile. Zote zikilia pamoja, kilele kisivuke desibeli -6.

Kuna jambo bado linanisumbua. Ili tabaka zikubaliane, tunafunga kila kitu kwenye tempo moja na ufunguo mmoja. Muziki wa Red Dead Redemption, gemu ya 2010, ulitungwa kwa tempo ya 130 katika A minor, na ulifanya kazi vizuri. Lakini nasikia gemu nyingi ambazo ufunguo huo mmoja umezigeuza uji usio na chumvi, na mara nyingine nafikiri ukimya wa dakika mbili ungemtisha mchezaji kuliko ufundi wetu wote. Siku nyingine nasikia tabaka la kwaya likiingia pale pale mlango unapofunguka, nabadilisha mawazo.

Kabla hujanitumia chochote, weka kipande kijirudie dakika ishirini, kaa chumba cha pili ufue au upike. Andika kila kitu kilichokufanya uinue kichwa: noti ya juu ya soprano, upatu wa kipimo cha tano, ile filimbi. Hivyo ndivyo vya kuhamishia kwenye faili lao peke yao, vipigwe mara moja, siyo kila sekunde 16.