Umbile la udongo na viumbe wadogo: kwa nini samadi ileile haifanyi kazi sawa luseni na mbugani

Umbile la udongo ni uwiano wa chembe za aina tatu: mchanga (milimita 0.05 hadi 2), tope laini (0.002 hadi 0.05) na mfinyanzi (chini ya 0.002). Changarawe na mawe hayahesabiwi. Kando ya Ziwa Victoria unaweza kuliona likibadilika ndani ya shamba moja. Juu, karibu na mawe ya graniti, kuna mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Ukishuka bondeni unakanyaga mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa buti masika.

Bakteria, kuvu na wenzao hawaishi ndani ya chembe hizo. Wanaishi kwenye vinafasi vilivyo kati ya chembe, ndani ya utando mwembamba wa maji. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: vinafasi vina ukubwa gani, na vimejaa maji au hewa?

Bakteria mmoja ana urefu wa takriban milimita 0.001. Protozoa (viumbe wa seli moja) wanaomla ni wakubwa zaidi, na wengi hawapenyi kwenye vinafasi vyembamba vya mfinyanzi, hivyo bakteria anapata maficho. Mfinyanzi pia hushika mabaki ya mimea na samadi yasiliwe yote kwa haraka. Gramu moja ya mfinyanzi wa mbuga ina uso wa mamia ya mita za mraba, wakati gramu ya mchanga haifikishi hata mita moja. Ndiyo maana mbuga kwa kawaida hubeba bakteria wengi kuliko luseni.

Luseni ina hewa tele, ila maji hayakai. Samadi ikiingia, huliwa upesi kwa sababu hakuna cha kuificha, na naitreti (aina ya naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji) inayotoka humo husombwa na mvua kubwa hadi chini ya mizizi. Udongo ukikauka, bakteria hawana njia ya kusogea. Kuvu wana nafuu: nyuzi zao huvuka vinafasi vikavu na kuufikishia mmea fosforasi na maji. Kulima mara kwa mara huzikata nyuzi hizo.

Mbugani tatizo ni hewa. Viumbe wanaohitaji oksijeni hufanya kazi vizuri maji yakiwa yamejaza kama asilimia 60 ya vinafasi. Yakizidi sana, oksijeni huisha na bakteria wengine hugeukia naitreti. Wanaigeuza gesi inayopotea angani. Hii ndiyo sababu mbolea ya CAN haifai kwenye jaruba la mpunga lenye maji: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti. Ukifukua udongo ukakuta rangi ya kijivu na harufu ya yai bovu, ujue hapo hewa imekosekana kwa muda mrefu.

Umbile haliamui peke yake. Kwa bakteria, kiwango cha tindikali mara nyingi kina nguvu kuliko umbile. Luseni iliyosombwa na mvua huelekea kuwa na tindikali. pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5, bakteria wengi wa vinundu vya mizizi ya mikunde hudhoofika, huku kuvu wakistahimili.

Kupima umbile, chukua udongo wa kina cha sm 0 hadi 20 kutoka sehemu 10 hivi, changanya, toa mizizi na mawe, ponda mabonge. Jaza theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji karibu ijae na kijiko cha sabuni ya unga, kisha tikisa dakika 5. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa 2, mfinyanzi baada ya siku moja au mbili. Pima kila tabaka kwa rula. Kosa la kawaida ni kutoponda mabonge: mfinyanzi ulioshikana hutua mapema, nawe ukadhani ni mchanga.

Usijaribu kubadili umbile kwa kumwaga mchanga mbugani. Ekari moja kwa kina cha sm 20 ni zaidi ya tani 1,000 za udongo. Kuongeza asilimia 10 tu ni tani 100. Kinachowezekana ni kubadili makazi ya viumbe hao. Luseni igawie samadi iliyoiva kidogokidogo kila msimu badala ya rundo moja kila baada ya miaka mitatu, na uache mabua yafunike ardhi. Mbugani inua matuta, weka samadi kabla ya mvua kubwa, na usilime udongo ukiwa chapachapa, kwa sababu jembe linaziba vinafasi vyenyewe.

Kuona kama viumbe hao wanafanya kazi, chimba mche wa kunde au choroko unapoanza kutoa maua. Uchimbe kwa koleo, usiung'oe, maana vinundu hubaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha: chekundu au cha waridi ndani kinavuta naitrojeni kutoka hewani; cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Fanya hivyo kwa miche kama 5 ya juu na 5 ya chini ya shamba, usitegemee mmoja.