Pampu ya ombwe haivuti divai

Kila ninapomwonyesha mtu jinsi ninavyohamisha divai kutoka mtungi mmoja hadi mwingine kwa pampu ya ombwe, yaani ya kutoa hewa, swali la kwanza huwa lile lile: kwani divai haipiti ndani ya pampu? Haipiti, na haipaswi kufika huko hata tone moja. Pampu inaondoa hewa katika mtungi mtupu tu. Kinachoisukuma divai ni hewa hii tunayoivuta puani, ambayo inaulalia uso wa divai katika mtungi uliojaa na kuibana iingie mrijani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu karibu kila kosa ninaloliona kwa wanaoanza linatokana na kudhani kwamba pampu ndiyo inayovuta.

Mwanasayansi wa Italia Evangelista Torricelli alilionyesha mwaka 1643 kwa zebaki: hewa ya usawa wa bahari inaweza kushikilia safu ya zebaki ya milimita 760 hivi, na kwa maji ni mita 10 na kidogo. Sisi hatupandishi divai mita 10. Kutoka sakafuni hadi mdomo wa mtungi mwingine ni mita moja au pungufu, na kimo hicho kinataka tofauti ya kilopaskali 10 tu (kilopaskali ni kipimo cha kanieneo ya hewa) kati ya mia moja na moja zilizopo. Ongeza kidogo kwa ajili ya msuguano wa mrija, na kilopaskali 20 hadi 30 zinatosha kabisa kuhamisha divai bila kichujio. Kwa geji zinazosoma inchi za zebaki, hizo ni inchi 6 hadi 9. Hakuna sababu ya kuiacha pampu ivute hadi mwisho wa nguvu zake.

Tena kuna sababu nzito ya kutofanya hivyo. Ombwe la kilopaskali 50 linaweka uzito wa takribani nusu kilo kwenye kila sentimita mraba ya mtungi. Mtungi wa kioo wa lita 20 una eneo la nje la sentimita mraba kama 4,000, kwa hiyo jumla ya msukumo inakaribia tani mbili. Kioo kizima, kinene na cha mviringo hubeba hayo kwa utulivu. Kioo chenye mkwaruzo mrefu, ufa mwembamba au pande bapa kinaweza kupasuka na kurusha vigae. Mimi huikagua mitungi kwa tochi gizani kabla ya kila msimu, huizungushia mkanda mpana wa gundi, na huvaa miwani ya usalama kila pampu inapowashwa. Vali ndogo ya kuingiza hewa, iliyowekwa kati ya pampu na mtungi, ndiyo inayonisaidia kupunguza ombwe nitakavyo. Dumu la plastiki lisitumike kupokea divai kwa njia hii, linajikunja.

Sasa vifaa. Mtungi unaopokea unazibwa kwa kizibo cha mpira chenye matundu mawili. Tundu la kwanza linapitisha mrija wa divai, nao ushuke hadi karibu na kitako ili divai iingie kimya chini badala ya kumwagika kutoka juu. Tundu la pili ni la mrija mfupi unaoishia shingoni, unaokwenda kwenye chupa ya mtego, na kutoka hapo kwenye pampu. Chupa ya mtego ni chupa tupu ya kioo kinene yenye kizibo cha aina hiyo hiyo: povu au divai ikizidi, inaangukia humo badala ya kuiua pampu. Mirija iwe ya daraja la chakula na yenye kuta nene au iliyotiwa nyuzi, maana mpira laini hubanwa na hewa ukalala kama utepe. Kuhusu pampu, napendelea ya kiwambo, yaani utando unaocheza ndani yake, isiyotumia mafuta. Pampu za mafuta zina nguvu kuliko tunavyohitaji, mvuke wa maji na pombe unayaharibu mafuta yake, na zile zisizo na vali ya kuzuia hurudisha mafuta kwenye mrija ukizizima ombwe likiwa bado lipo.

Mtungi unaotoa divai lazima uwe wazi kwa hewa. Siku moja niliacha kizibo kikiwa kimekaza kwenye dumu la plastiki nililokuwa nahamisha kutoka humo. Mtiririko ulianza vizuri, ukapungua, halafu dumu likaingia ndani kwa kishindo na mashapo yote yakavurugika. Miezi miwili ya kusubiri ikaenda na sekunde mbili. Kitambaa safi mdomoni kinatosha kuzuia vidudu huku hewa ikipita.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote ni uvujaji usioonekana. Pampu inayosukuma divai ikiwa na kiungo kilicholegea, unaona tone sakafuni na unakaza. Katika ombwe hakuna tone. Hewa inaingia ndani, inachanganyika na divai mrijani, na kila kitu nje ni kikavu na safi. Niliwahi kuhamisha divai nyeupe mara tatu kwa kiungo cha namna hiyo, nikashangaa rangi yake inaelekea kahawia na harufu ya matunda inafifia kuwa ya tufaha lililokatwa na kuachwa. Tangu hapo najaribu mfumo mtupu kwanza: naziba mwisho wa mrija wa divai, navuta hadi kilopaskali 30, nafunga vali ya upande wa pampu, kisha naitazama geji kwa dakika tano. Sindano ikirudi, siendelei hadi nipate tundu. Baada ya hapo nahamisha maji matupu. Viputo vikijitokeza mara tu baada ya kiungo fulani wakati wa maji, hapo ndipo hewa inapoingia.

Nasema maji kwa makusudi, kwa kuwa divai changa huleta viputo vyake yenyewe. Imejaa kaboni dayoksaidi iliyobaki kutoka kwenye uchachukaji, na ombwe linaitoa. Kwa kiasi hiyo ni faida, maana gesi hiyo huyaelesha mashapo na kuchelewesha divai kutakata. Ila anza taratibu mno. Ukivuta kwa nguvu dakika ya kwanza, povu litajaa shingo ya mtungi na kukimbilia chupa ya mtego. Vilevile usiiache pampu ikiendelea kuvuta juu ya divai iliyokwisha kuhamishwa. Gesi ikishatoka, kinachofuata kutoka ni harufu nzuri ya divai.

Kabla ya kuhamisha naweka salfaiti, kihifadhi cha divai, katika mtungi unaopokea, ili divai ikutane nayo inapoingia. Kiasi kinategemea asidi: kwa divai nyeupe ya pH (kipimo cha asidi) 3.2 nalenga miligramu 20 hivi za salfa dayoksaidi huru kwa lita, na kwa pH 3.5 kiasi hicho kinakuwa 40. Potasiamu metabisalfaiti, yaani unga wa salfaiti ninaoutumia, hutoa kama asilimia 57 ya uzito wake, kwa hiyo usipime unga ukadhani wote ni salfa dayoksaidi.

Sasa kichujio, ambacho ndicho watu wengi wanakinunulia pampu. Kinakaa katikati ya mitungi miwili, na kiwe ndani ya kasha lake lililofungwa kabisa. Vile vya sahani zinazobanwa pamoja, vinavyodondosha pembeni vikisukumiwa divai, hunyonya hewa pembeni vikiwekewa ombwe. Kumbuka pia kwamba hewa haiwezi kusukuma zaidi ya uzito wake: hata kwa ombwe kamili huna zaidi ya kilopaskali 101, na kwa mtungi wa kioo mimi sipiti 60. Kichujio kikiziba, huna nguvu ya kuongeza. Ndiyo maana divai yenye ukungu isipelekwe kwenye kichujio chembamba. Iache itue, ihamishe, itie bentonaiti (udongo laini wa kutakasia divai) kama ukungu ni wa protini, au kimeng'enya cha pektini kama ni divai ya matunda yenye utelezi, kisha uchuje ikiwa tayari inaangaza. Mimi huanza na maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha 1, na ni nadra kwenda chini zaidi. Hamira ina upana wa maikroni 5 hadi 10, lakini kichujio kilichoandikwa maikroni 1 kwa kukadiria bado huachia baadhi zipite. Anayetaka kubakiza sukari katika divai bila kuhofia ichachuke tena chupani anahitaji kichujio cha maikroni 0.45 kilichothibitishwa, kila kifaa cha baada yake kiwe kimetakaswa, na salfaiti iwe sawasawa. Divai nyekundu iliyokaa mwaka mzima kwa kawaida siichuji kabisa.

Kichujio kipya nakipitishia maji yenye asidi ya sitriki kidogo, kisha maji matupu mengi, hadi maji yanayotoka yasiwe na ladha ya karatasi. Viputo vikionekana baada ya kichujio wakati wa divai, visikutishe kama jaribio la maji lilikuwa safi: pale ombwe ni kubwa zaidi, na gesi inatokea hapo.

Mtungi ukikaribia kujaa, usizime pampu ukidhani divai itasimama. Ombwe bado limo, na hewa ya upande wa pili bado inasukuma. Bana mrija wa divai kwanza, fungua vali ya hewa polepole, sikiliza mlio hadi unyamaze, zima pampu, halafu ndipo utoe kizibo.