"Mshahara maelewano" maana yake si mshahara wa siri

"Anahitajika dada wa kuhudumia mgahawa, awe mchangamfu, mshahara maelewano." Matangazo ya hivi yamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara, na siku hizi hata kampuni zenye idara za rasilimali watu zinaandika vivyo hivyo. Maana yake ni fupi: kiwango cha malipo hakijafungwa, mwajiri na mwombaji watakipanga pamoja.

Tatizo liko kwenye hilo "pamoja". Maelewano yanatokana na kuelewa, na nyuma yake kuna kuelea, yaani jambo kuwa wazi akilini. Wazee bado husema "maneno yako yamenielea". Ukiongeza ile -na ya kutendana unapata kuelewana: jambo liwe wazi kwangu, na kwako pia. Ndiyo maana maelewano na makubaliano ni vitu viwili. Mtu anaweza kukubali asichokielewa, hasa kama mwenye nyumba anamdai kodi.

Sasa tazama usaili unavyokwenda. Unaulizwa, "Unataka tukulipe shilingi ngapi?" Bajeti wao wanayo tayari, wewe huijui. Ukitaja kubwa, "tutakupigia". Ukitaja ndogo, mkataba unatoka siku hiyohiyo. Makubaliano yapo, tena yana sahihi. Maelewano hayapo.

Na huku kusini hatuna kisingizio cha kutolijua jambo hili. Tangu korosho zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani (mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mzigo huuzwa mnadani), msimu wa 2007/2008, mkulima wa Tandahimba au Newala amezoea mnada ambao bei za wanunuzi huwekwa hadharani, kisha wakulima huridhia au hukataa. Wakikataa, mzigo unabaki ghalani. Kijana wa mkulima huyohuyo akija mjini kutafuta kazi, anatakiwa ataje bei ya jasho lake huku mnunuzi kafumba mdomo!

Wengine hudhani neno hili linaruhusu kulipa chochote, mradi mfanyakazi karidhia. Haliruhusu. Kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa Amri ya Mishahara, sekta kwa sekta, zikiwemo za hoteli, ulinzi na kazi za nyumbani, na chini ya hapo ridhaa ya mfanyakazi haihalalishi kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, ujira ukiwemo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu.

Kwa hiyo, ndugu mwajiri, neno lenyewe halina ubaya, ila litangulizwe na tarakimu. Andika "kuanzia kiasi fulani hadi kiasi fulani, maelewano yapo". Na kama hutaki kutaja kabisa, andika tu "mshahara utatajwa kwenye usaili", nasi tutakuja tukijua hivyo.