Upimaji wa VVU wa kawaida: nini hasa, na kwa nini unaulizwa wewe

Upimaji wa VVU wa kawaida ni utaratibu ambao mtoa huduma ndiye anayeanzisha habari ya kipimo, si mgonjwa. Umekwenda kituoni kwa kikohozi kisichoisha, au kwa mahudhurio ya kwanza ya ujauzito. Palepale unaambiwa kwamba kipimo cha VVU kimo kwenye vipimo vyako vya leo, na kwamba ukitaka kukataa, unakataa.

Siku hizi kwenye zahanati za Tanga mazungumzo hayo ni mafupi kuliko watu wanavyoogopa. "Baba, umewahi kucheki VVU?" "Siku nyingi." "Basi leo tukutazame na hicho, au una pingamizi?" Mzee anatoa kidole, kinatobolewa, tone moja la damu linawekwa kwenye kitepe, na ndani ya dakika kama 20 jibu lipo. Kikohozi chake kinatibiwa vilevile, awe amekubali au amekataa. Akinyimwa huduma kwa sababu amekataa, huo si upimaji wa kawaida tena, ni shuruti. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa na usiri, na nje ya mambo machache iliyoyataja, hakuna wa kukulazimisha.

Zamani mlango ulikuwa mmoja: kupima kwa hiari, kwenye vituo kama vile vya Angaza. Kilikuwa kitu kizuri, ila kilimtaka mtu ajishauri nyumbani, apate ujasiri, kisha aingie kwenye jengo ambalo mtaa mzima unajua shughuli yake. Tanga ni mji wa baiskeli. Egesha yako nje ya jengo la namna hiyo asubuhi. Ikifika alasiri, mitaa yote ya Ngamiani, barabara ya kwanza hadi ya mwisho, wameshaitambua ni ya nani. Wengi walikuwa wakingoja mpaka mwili umekwisha ndipo wakapime.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walitoa mwongozo kwamba wahudumu waanze kulizungumza wenyewe. Botswana ilikuwa imeshatangulia mwaka 2004. Kwetu Tanzania, Julai 2007, Rais Kikwete alipima hadharani pamoja na mkewe kuzindua kampeni ya taifa. Jambo hilo lilisaidia, lakini kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni kile kisicho na sherehe: swali moja linaloulizwa watu wengi, bila kumkazia macho mmoja. Hata hivyo si kila kituo kinampima kila aingiaye. Wajawazito, wenye kifua kikuu na wenye magonjwa ya zinaa hupewa kipimo wote. Wagonjwa wengine wa nje mara nyingi huulizwa kwanza maswali machache ndipo iamuliwe.

Kwa nini upanuliwe? Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 una jibu. Katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, takriban 83 ndio waliokuwa wakijua hali yao. Waliojua, karibu wote, 98 kwa 100, walikuwa kwenye dawa; na walio kwenye dawa, 94 kwa 100 virusi vyao vilikuwa vimefubaa, yaani vimepungua mno mwilini. Dawa zipo, ni bure, watu wanazimeza. Pengo liko mwanzoni kabisa, kwenye kujua.

Na wanaokosekana zaidi ni wanaume. Mama hupita kliniki kila anapobeba mimba. Mvuvi wa Sahare anaondoka na maji, anarudi na maji, na hospitali ataiona siku akivunjika mguu. Kwa huyo upimaji wa kituoni hautoshi, hata uboreshwe vipi. Ndiyo sababu mwaka 2019 sheria ilirekebishwa: kujipima kukaruhusiwa, na umri wa kupima bila idhini ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Kipimo cha kujipima hupitishwa kwenye fizi. Kikionyesha maambukizi, hilo si jibu la mwisho, sharti lithibitishwe kituoni kwa vipimo vingine.

Jibu likiwa ni maambukizi, mtu aanze dawa mapema, hata siku hiyohiyo ikiwezekana, kwenye kliniki ya tiba na matunzo. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Virusi vikifubaa mpaka visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Wapo wanaovuka hadi Muheza au Pangani kuchukua dawa ili wasionane na jirani kwenye benchi. Mtu akubaliwe hilo, asihojiwe. Nauli yake ni yake.

Asiyekutwa na virusi naye asirudishwe mikono mitupu. Kama tukio la hatari ni la karibuni, kipimo cha haraka kinaweza kisione kitu hadi miezi 3, kwa hiyo arudi. Kuna kondomu, kuna dawa kinga za kumeza kila siku kwa aliye kwenye hatari, na kuna zile za dharura zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Tohara nayo humpunguzia mwanamume hatari, ila pwani si habari, vijana wengi wameshapita jandoni.

Mtoto wa mama mwenye VVU ana njia yake. Kitepe cha haraka hakiwezi kuthibitisha kwamba ameambukizwa, maana kinaweza kuona kinga alizorithi kwa mama, na hizo hukaa hadi miezi 18 hivi. Yeye huchukuliwa damu kisiginoni akiwa na wiki 4 hadi 6, hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe, kisha hurudiwa kupimwa mpaka baada ya kuachishwa kunyonya.