Je, wajua kwanini jeraha baya kabisa la moto linaweza lisiume?

Mtoto kavuta sufuria ya uji jikoni, umemmwagikia mkononi na kifuani. Mkono umejaa malengelenge, ukiugusa tu analia mpaka sauti inakauka, ila pale kifuani pamekuwa peupe kama nta na ukipagusa wala hashtuki, basi watu wanasema afadhali kifua hakikuungua sana. Hapana jamani, hapo ndipo palipoharibika zaidi!

Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, na chini yake tabaka nene lenye mishipa ya damu, mizizi ya nywele na neva zinazopeleka maumivu kwenye ubongo. Ikiungua ile ya juu tu ni digrii ya kwanza, wekundu kama wa jua kali, siku chache umepona. Digrii ya pili moto umefika tabaka la chini, ndio malengelenge hayo, na neva zimebaki wazi hata upepo ukipita unauma. Ya tatu imeunguza ngozi yote pamoja na neva zenyewe, sasa nani atapeleka taarifa? Na mizizi ya nywele ndiko ngozi mpya huanza kuota, ikishaungua nayo jeraha kubwa haliwezi kujifunika lenyewe, mara nyingi inabidi kupandikizwa ngozi.

Halafu kuna hatari isiyoonekana kabisa. Mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja, maji ya mwilini yanahamia kwenye uvimbe na kutoka kidondani, presha inashuka, figo zinakosa damu ya kutosha. Ndio maana manesi wanahesabu ukubwa wa jeraha: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake, na kwa mtoto zikizidi 10 anahitaji dripu haraka, mtu mzima ni kuanzia 15 hadi 20 hivi. Viganja kumi tu vya mtoto, kifua na tumbo vimeshamaliza!

Kwahiyo akiungua mpeleke kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili hata akilia, maana joto lililobaki ndani ya ngozi linaendelea kuunguza, huku sehemu nyingine za mwili umezifunika asipate baridi. Barafu hapana, dawa ya meno, unga wala ute wa yai usipake, hospitali watalazimika kuvikwangua juu ya kidonda kibichi ili waone kimeingia kiasi gani.