Mechi ya nyota wa sekondari: yanayosemwa kuhusu wasichana, na ukweli wake

Kila mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, wasichana 24 wanaomaliza sekondari nchini Marekani hukutanishwa kwa mechi moja ya mpira wa kikapu, Mashariki dhidi ya Magharibi, 12 kila upande. Ni mechi ya McDonald's All American, inayojulikana kuliko zote za aina yake. Siku hizi video zake hutufikia kwenye simu usiku uleule, zikifuatana na maneno mengi yasiyo ya kweli. Mengine yanawavunja moyo mabinti wanaoucheza mchezo huu, ndiyo maana hayafai kuachwa yapite.

"Hii ni mechi ya wavulana, wasichana wamebandikwa tu"

Kweli wavulana walitangulia. Mechi yao ilianza 1978, ya wasichana ikaja 2002, jijini New York. Miaka 24 ni mingi mno, na sioni cha kuitetea: hata ligi ya kulipwa ya wanawake, WNBA, ilikuwa inachezwa tangu 1997.

Ila anayesema wamebandikwa aangalie kilichotokea Oklahoma City mwaka 2004, mechi ya wasichana ikiwa na umri wa miaka miwili tu. Katika shindano la kudanki, yaani kuruka na kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono, aliingia binti mmoja kutoka Naperville, Illinois, Candace Parker. Majira ya joto yaliyotangulia alikuwa amechanika kano ya goti. Washindani wake walikuwa wavulana, wakiwemo Josh Smith, J.R. Smith na Rudy Gay, ambao wote walikuja kucheza NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume. Parker akakimbia, akajifunika macho kwa mkono mmoja, akadanki kwa mwingine. Akawashinda wote, na kuwa msichana wa kwanza kulitwaa taji lile. Goti lilimsumbua tena akakosa msimu wake wote wa kwanza chuoni Tennessee, lakini 2008 alipoingia WNBA alitajwa mchezaji bora chipukizi na mchezaji bora wa ligi nzima, vyote kwa mwaka mmoja. Huyo hakubandikwa na mtu.

"Mashabiki ndio wanaopiga kura"

Hapana. Majina hupendekezwa na watu kama makocha na walimu wakuu, mamia kwa mamia, kisha kamati ya uteuzi huyachuja. Umaarufu wa mtandaoni hauhesabiwi kura.

"Makocha wa vyuo huja pale kusaka wachezaji"

Hili ndilo linalopotosha wazazi zaidi. Mzazi hudhani binti akiitwa kwenye mechi hiyo ndipo milango ya udhamini wa masomo itafunguka. Hebu tazama kalenda. Kwa kawaida wachezaji wa kiwango hicho husaini na vyuo mwezi Novemba, majina ya nyota hutangazwa Januari, mechi huchezwa Machi au Aprili. Mpira unaporushwa juu, karibu kila binti uwanjani anajua atasoma wapi. Kazi ya kuonekana ilifanyika miaka miwili mitatu nyuma, kwenye mashindano ya kiangazi na timu za klabu, katika kumbi ambazo hakuna kamera ya televisheni.

Wanachopata pale ni heshima, na nafasi ya kucheza na wale watakaokuwa wapinzani wao vyuoni. Mechi yenyewe huchangisha fedha kwa ajili ya Ronald McDonald House Charities, shirika linalowapa malazi wazazi wakati watoto wao wamelazwa hospitali.

"Kama hukucheza, huwezi kujiita nyota wa mwaka huo"

Mwaka 2020 waliteuliwa Caitlin Clark, Angel Reese, Paige Bueckers, Cameron Brink na Kamilla Cardoso, wote katika kundi moja, na wote walikuja kucheza WNBA. Mechi ilikuwa ichezwe Houston, lakini UVIKO-19 ikaifuta. Hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira wa mechi ile, na heshima ya kuteuliwa wanayo hadi leo.

"Asipochaguliwa, basi tena"

Courtney Vandersloot, mpanga mchezo kutoka jimbo la Washington, hakuwemo kwenye orodha ya 2007. Alikwenda Gonzaga, chuo ambacho hakikuhesabiwa miongoni mwa vigogo wa kikapu cha wanawake, na akawa mtu wa kwanza katika daraja la juu la vyuo, wa kiume au wa kike, kufikisha pointi 2,000 na asisti (pasi zinazozaa kikapu) 1,000. Tarehe 31 Agosti 2020 alitoa asisti 18 katika mechi moja ya WNBA, rekodi mpya wakati huo. Mwaka uliofuata alibeba ubingwa na Chicago Sky, akiwa timu moja na Candace Parker yuleyule.

"Aliyechaguliwa ameshafika WNBA"

Hadi 2024 ligi ilikuwa na timu 12, kila moja ikiwa na wachezaji wasiozidi 12. Nafasi 144 basi, kwa wachezaji wa dunia nzima. Mechi hii peke yake hutaja 24 kila mwaka, yaani 240 kwa miaka kumi. Tena mvulana kama LeBron James aliweza kutoka sekondari 2003 akaenda moja kwa moja NBA, ilhali WNBA kwa miaka mingi imemtaka binti wa Kimarekani afikishe miaka 22 au amalize chuo kwanza.

"Ni ya Wamarekani tu"

Cardoso ni Mbrazili. Alihamia Chattanooga, Tennessee, akiwa bado tineja, bila kujua Kiingereza, akasoma na kucheza huko hadi jina lake likaingia kwenye orodha ya 2020. Uraia si kikwazo, ila wanaoteuliwa ni wanaosoma sekondari Marekani. Binti anayecheza Dar es Salaam au Nairobi, hata awe na kipaji kikubwa namna gani, hawezi kuteuliwa akiwa hapa nyumbani, na kutokuwemo kwenye orodha ile hakusemi lolote kuhusu uwezo wake.