Mama akisema "asante, daktari", ameridhika?

Kwenye kliniki za rufaa za watoto hapa Kampala, mara kwa mara hutumwa mtu mlangoni kuwauliza wazazi wanaotoka: umeridhika na huduma? Karibu wote husema ndiyo. Mimi ni daktari bingwa wa watoto, wagonjwa wangu wengi wana selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hupinda kama mundu, hufa mapema na kuleta maumivu. Na "ndiyo" hiyo siitegemei sana. Hospitali za serikali Uganda zilifuta ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Anayetibiwa bure huona haya kulalamika, tena mbele ya watu walewale atakaowahitaji mwezi ujao. Akiwa mkimbizi kutoka Kongo, ndiyo yake huja upesi zaidi.

Foleni ni kero, sibishi. Mama aliyepanda teksi alfajiri, akamalizia na bodaboda, halafu akaonana na daktari saa nane mchana, ana haki ya kununa. Lakini foleni ndiyo inayoonekana tu. Mwaka 1968 Barbara Korsch na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 800 waliofika kwa daktari katika hospitali moja ya Los Angeles. Asilimia 76 ya kina mama waliridhika, na urefu wa muda waliokaa na daktari haukubadilisha hilo. Ila karibu nusu waliondoka bado wakijiuliza ugonjwa umetokana na nini, na asilimia 26 hawakulitaja jambo lililowatia hofu kuliko yote, kwa kuwa hawakupata nafasi au hawakutiwa moyo walitaje. Los Angeles ni mbali, lakini kina mama hao nawatambua.

Kwangu hofu hiyo mara nyingi ni damu. "Docta, munamutosha damu mingi," huniambia mama wa Kikongo, akishapata ujasiri, yaani tunamtoa mtoto damu nyingi. Ana hoja: ameambiwa mtoto hana damu ya kutosha, kisha kila akija tunamchoma na kujaza kichupa. Asipojibiwa hatalalamika popote, ataacha kuja. Basi namweleza kwamba mtoto wa kilo 20 ana karibu lita moja na nusu ya damu, na sisi tunachukua mililita mbili hivi. Kinachommaliza damu ni seli zake nyekundu zenyewe: ya kawaida huishi siku 120, yake siku 10 hadi 20. Bila kipimo hicho siwezi kumpa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kwa usalama, maana dawa ikizidi hushusha chembe za kinga. Tena dawa yenyewe huchukua miezi kuonyesha kazi yake. Mzazi aliyetarajia sindano ya kumaliza maumivu leo, akapewa vidonge tu, lazima aambiwe hivyo mapema, la sivyo atadhani amerudishwa mikono mitupu.

Halafu kuna wasiokuja kliniki. Nauli hutoka kwa baba, na mara nyingi bibi ndiye atakayeamua kama dawa hizi ni za maana. Kwa hiyo nimeacha kuuliza "umeelewa?" Nauliza: "Mama, bibi yake akikuuliza tumesema nini, utamjibuje?" Hapo ndipo mambo hufumuka. Majibu tunayaandika kwenye daftari la mtoto, lile analolinunua mzazi mwenyewe dukani, kwa lugha inayosomwa nyumbani kwao. Kiingereza changu cha kitabibu hakimsaidii mtu mtaani kwao Nsambya, hapa Kampala. Na mtoto asigeuzwe mkalimani wa ugonjwa wake. Nimeona wasichana wadogo wakikatakata habari ili mama asilie.

Mtoto naye ana maoni, ingawa fomu ya yule anayeuliza mlangoni haina nafasi yake. Wa miaka minane ukimuuliza hazungumzii foleni kabisa. Anataka kujua nani atamchoma, mkono upi, na kwa nini jana waliahidi hakutakuwa na sindano. La mwisho hilo huwa nawarudishia wazazi mbele yake.